Wakubwa Walisema "Mpatane": Ugomvi wa Malipo kwenye Milima ya Rubaya

Katika jamaa nyingi za sehemu zetu za madini kuna neno ambalo mtoto analijua mbele ya kujua kusoma. Neno hilo ni deni. Baba anapanda mlimani siku ya kwanza ya juma. Mama anakamata unga, chumvi na mafuta kwa mkopo, na mwenye duka anaandika jina lake kwenye kaye. Mwalimu naye anangoja minerval. Wote wanangoja kitu kimoja tu, malipo ya kilo zilizotoka shimoni. Kilo zikilipwa, kaye inafutwa na watoto wanabaki masomoni. Zisipolipwa, maneno yanaanza nyumbani, yanafika dukani, na mwisho yanapanda mpaka mlimani.

Mwezi huu tunaeleza ugomvi mmoja wa namna hiyo, ule wa Rubaya katika teritware ya Masisi, kilomita karibu 60 kutoka Goma. Upande mmoja ilikuwako kampuni yenye kibali cha mlima, SMB. Upande mwingine ilikuwako kooperative ya wachimbaji, COOPERAMMA. Ugomvi wao ulifika mezani kwa serikali ya jimbo na Wizara ya Madini zaidi ya mara moja, na kila mara neno la wakubwa lilikuwa lile lile: mpatane, mlipane, kazi iendelee. Haikutosha. Tunataka kujua kwa nini, maana vijana wengi wanaosoma ukurasa huu watakwenda kutafuta kazi kwenye milima kama ile.

Mlima mmoja, karatasi mbili

Wazee wa Masisi wanakumbuka SOMINKI, sosiete kubwa iliyokusanya migodi ya Kivu na Maniema tangu miaka ya 1970. Ilipoanguka katika miaka ya 1990, wengi waliokuwa na kazi ya mshahara walibaki na mikono mitupu, na milima ikabaki na watu wa sepetu na nyundo. Kisha vita ikaja. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kwa ghafula katika masoko ya dunia, juu ya viwanda vya simu na vya mashine nyingine za umeme, na ikashuka tena mbele watu hawajazoea kula vizuri. Waliojenga nyumba ya mabati wakati huo walibahatika. Wengine walibaki na redio na hadithi.

Mwaka 2006 serikali ya Kongo ilitoa kibali cha kuchimba, kinachojulikana kwa namba PE 4731, kwa kampuni ya Bwana Édouard Mwangachuchu, mwana wa Masisi. Kampuni hiyo iliitwa MHI, na baadaye ikabadili jina na kuwa Société Minière de Bisunzu, ndiyo SMB. Kibali kilishika milima ambayo majina yake kila mtoto wa Rubaya anayajua: Bibatama, Luwowo, Gakombe, Koyi, Mataba, Bundjali. Kwa sheria, hiyo ni karatasi ya kwanza. Mwenye kibali ndiye mwenye haki ya madini yaliyo chini ya udongo.

Lakini mlimani kulikuwa tayari na maelfu ya watu wanaochimba kwa mkono, na hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Wengine walizaliwa pale pale. Wengine walikimbia vita kwenye vijiji vyao na kupata shimo badala ya shamba. Hao walikusanyika katika kooperative COOPERAMMA chini ya Bwana Robert Seninga. Sheria ya madini inasema kwamba uchimbaji wa mkono hauruhusiwi ndani ya eneo ambalo mtu mwingine ana kibali chake. Kwa hiyo walikuwa na kazi, lakini hawakuwa na haki ya kuwa pale. Kampuni ilikuwa na haki, lakini haikuwa na watu wengine wa kuchimba.

Wasomaji wanakumbuka pia Septemba 2010, Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji wote wa mkono katika Kivu mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Miezi ile sita ilikuwa ya njaa. Iliwafundisha watu wa Rubaya kwamba amri moja kutoka Kinshasa inaweza kufunga sufuria za teritware nzima, wakati wenye bunduki bado wanapata njia ya kula.

Mwezi wa Novemba 2013 pande mbili ziliweka sahihi kwenye mapatano. Wachimbaji wa COOPERAMMA walikubaliwa kuchimba ndani ya kibali cha kampuni. Nao walikubali kuuza madini yao yote kwa kampuni hiyo, wala si kwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo karatasi ya pili, na watu wengi waliona kwamba amani ya mlima imepatikana. Katika mwaka uliofuata etikete za ITSCI zilifika Rubaya, yaani mpango wa kufunga kila mfuko na namba ili mnunuzi wa mbali ajue umetoka wapi. Koltani ya Rubaya ikaanza kupita katika njia halali.

Ukisoma mapatano hayo kwa haraka utaona ni mazuri. Ukisoma kama mama mwenye deni dukani, utauliza swali moja: ikiwa kuna mnunuzi mmoja tu, na mnunuzi huyo anachelewa kulipa, nitafanya nini?

Kilo inapita mikono mingapi?

Hapa tukae kidogo, maana ugomvi wote umejificha ndani ya safari ya kilo moja.

Tuchukue mfano, si habari ya mtu fulani. Kijana anachimba na wenzake kwenye shimo la PDG. (Wasomaji wa mjini wasicheke: mlimani PDG si mtu wa kravate, ni yule mwenye shimo, na mara nyingi viatu vyake vina matope kuliko vya wengine.) Mbele ya kilo ya kwanza kutoka, PDG amekwisha kutumia feza: chakula cha wachimbaji, miti ya kushikilia udongo, tochi, kamba, dawa ya anayeumia. Kwa hiyo siku ya kwanza tu kijana ana deni kwa PDG, na PDG ana deni kwa mwingine aliyemkopesha.

Udongo unabebwa mpaka kwenye maji, unaoshwa, na mawe mazito meusi yanabaki chini. Yanapimwa kwa kilo, wafanyakazi wa serikali wanaangalia na kufunga etikete, na mfuko unashuka. Lakini kilo si bei. Bei ya koltani inategemea asilimia ya tantali iliyo ndani, na asilimia hiyo haionekani kwa macho. Inasomwa kwa mashine kwenye nyumba ya ununuzi. Kijana anatoa kilo zake leo, naye hajui bado zina samani gani. Anayejua ni mwenye mashine. Bei ya dunia nayo inabadilika wakati mfuko ungali njiani.

Kisha feza inaanza kurudi. Inatoka kwa mnunuzi wa ng'ambo, inapita benki, inafika kwa kampuni. Kutoka hapo inapita kooperative au PDG. PDG anakata deni lake la chakula na vyombo. Kunakatwa malipo ya kooperative na ya serikali, na katika miaka mingi pia ya watu wa njiani wasio na kitabu cha risiti. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa shimoni. Mchimbaji ndiye wa kwanza kutoa jasho na wa mwisho kuona noti.

Sasa ongeza kuchelewa. Mnunuzi wa ng'ambo akikawia, kampuni inakawia, na kila mtu anasukuma kuchelewa kwake kwa yule aliye chini. Kampuni inaweza kungoja mwezi. PDG mwenye ngombe anaweza kungoja majuma mawili. Kijana aliyepanga chumba Rubaya hawezi kungoja hata siku nne, na mwenye duka amekwisha kumwambia mke wake: "Mama, ile kaye imejaa, leta kwanza ya zamani."

Na upande wa pili wa bonde anakaa mnunuzi mwingine. Hana kibali, hana mapatano. Bei yake pengine ni ndogo, pengine ni kubwa. Lakini analipa leo, mkononi.

Kila mmoja alikuwa na lawama yake

Wachimbaji walilaumu kampuni kwamba inachelewa kulipa, tena inalipa chini ya bei ya nje. Kampuni ililaumu wachimbaji kwamba wanaiba, yaani wanatoa madini ndani ya kibali chake na kuyapitisha usiku kwa wengine, kinyume cha sahihi yao. Lawama zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake, nayo moja ilizaa nyingine. Malipo yakichelewa, mifuko inapita usiku. Mifuko ikipita usiku, kampuni inapata kidogo cha kuuza, na malipo yanachelewa zaidi.

Mwanzoni mwa 2019 SMB iliacha mpango wa ITSCI na kuchukua mpango mwingine wa kufuatilia madini, wa kampuni RCS Global. Kwa msomaji wa kawaida hilo ni jambo la ofisi. Kwa Rubaya lilikuwa kama kuweka mipaka miwili ya duka moja. Pembeni ya kibali cha SMB kuna kibali kingine cha SAKIMA, sosiete ya serikali, na kule etikete za ITSCI ziliendelea. Shirika la Global Witness liliandika mwaka 2022 kwamba madini mengi yaliyofungwa etikete za upande wa SAKIMA hayakuweza kutoka katika mashimo ya kule, maana mashimo hayo yalitoa kidogo. Yalitoka ng'ambo ya mpaka, kwenye kibali cha SMB. ITSCI ilikana lawama za ripoti ile.

Katika miaka hiyo pia kulitokea mapigano kati ya wachimbaji na polisi wa madini waliolinda kibali, na watu walikufa. Hatutaandika hesabu hapa. Inatosha kusema kwamba jamaa fulani zilizokuwa zikidai malipo ziliishia kudai maiti.

Wakubwa wanapokuja

Tunajua sote jinsi ilivyo mkubwa anapokuja. Barabara inapigwa salongo, watoto wa masomo wanapangwa kwenye njia, kiti kizuri cha paroko kinaazimwa. Mkubwa anasikiliza pande zote mbili, anasema maneno ya amani, anaomba kila mmoja apunguze kidogo. Watu wanapiga makofi. Gari zinarudi Goma mbele ya saa kumi, juu ya usalama.

Hatusemi hivyo kwa kudharau. Kuna mara neno la mkubwa lilizuia damu. Mapatano ya 2013 yasingepatikana kama serikali ingekaa kimya. Jimbo la Kivu ya Kaskazini liliongozwa na gavana Julien Paluku mpaka 2019, kisha na Carly Nzanzu Kasivita, na tangu Mei 2021 na magavana wa kijeshi chini ya utawala wa dharura. Kila mmoja wao aliukuta ugomvi wa Rubaya kwenye meza. Kinshasa pia mawaziri wa madini walibadilishana kiti, na faili ilibaki.

Lakini tuangalie mkubwa alikuwa na nini mkononi. Alikuwa na uwezo wa kusihi, na alikuwa na uwezo wa kufunga mlima. Kati ya hayo mawili hakuwa na kitu. Akisihi, kampuni inaitika kwa heshima na kulipa kidogo, halafu mwezi wa tatu mambo yanarudi. Akifunga mlima, anayeumia kwanza ni yule yule aliyekuja kumtetea. Ni kama baba anayetaka kutenganisha watoto wawili wanaogombea sahani moja, na fimbo pekee aliyo nayo ni kumwaga chakula.

Kuna jambo lingine ambalo watu walilisema kwa sauti ya chini, na sisi tunaliandika kwa sababu linajulikana wazi. Mkubwa wa kampuni alikuwa mwanasiasa: Bwana Mwangachuchu alikuwa seneta, kisha mbunge wa taifa wa Masisi. Mkubwa wa kooperative naye alikuwa mwanasiasa: Bwana Seninga alikuwa mbunge wa jimbo, na tangu 2019 akawa rais wa Bunge la jimbo. Tena mmoja alihesabiwa kuwa Mtutsi na mwingine kuwa Mhutu, na katika Masisi, mahali watu wamezikana mara nyingi juu ya udongo na kabila, hilo halikosi uzito. Swali la "kilo zangu zitalipwa lini?" likageuka kuwa swali la "wewe uko upande wa nani?" Ndiyo njia ya haraka ya kumfanya mtu asahau mshahara wake. Mchimbaji anaamka akiwa mdai, analala akiwa askari wa mtu mwingine.

Mfanyakazi ni nani?

Tunaona kwamba shina la jambo liko hapa. Watu wa Rubaya walifanya kazi, lakini mbele ya sheria hawakuwa wafanyakazi wa mtu.

Kongo ina Kode ya Kazi, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inasema mshahara ulipwe kwa vipindi visivyopita mwezi mmoja. Mfanyakazi asipolipwa anakwenda kwa inspekteri wa kazi, na inspekteri anaita pande mbili kuwapatanisha. Wakishindwa, kesi inapelekwa kwenye tribunali ya kazi. Kama ugomvi ni wa wafanyakazi wengi pamoja, kuna ngazi zake: kwanza mapatano kwa inspekteri, kisha upatanishi, na mgomo unakuja tu baada ya ngazi hizo kumalizika. Njia ni ndefu, nasi tunajua kwamba ofisi nyingine za inspekteri hazina hata kiti. Hata hivyo kuna ngazi, na kila ngazi ina mlango.

Mchimbaji wa mkono hana ngazi hiyo. Kode ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka awe Mkongomani mtu mzima, awe na karte ya mchimbaji, awe memba wa kooperative iliyokubaliwa. Inamhesabu kama mtu anayejitumikisha na kuuza mali yake. Kwa karatasi yeye ni mchuuzi, sawa na mama anayeuza bringali sokoni. Lakini mama wa bringali akiona mnunuzi hamlipi, anageuza kikapu na kwenda kwa mwingine. Mchimbaji wa Rubaya alifungwa na mapatano auze kwa mmoja tu, kama mfanyakazi. Alichukua mzigo wa hali zote mbili, wala hakupata kinga ya hata moja.

Tazama Walikale upande wa pili. Kule Bisie, wachimbaji wa mkono walijaza mlima kwa miaka, nako pia kampuni na kooperative zilivutana sana. Kisha kampuni Alphamin ilijenga mgodi wa mashine, ulioanza kutoa bati mwaka 2019. Waliopata kazi pale wana mikataba, na mwenye mkataba anaweza kumwita inspekteri. Lakini mashine inataka watu wachache kuliko sepetu, na wachimbaji wengi wa zamani wa Bisie ilibidi waondoke kutafuta shimo mahali pengine. Hatujui mzazi gani angependa kuchagua kati ya hizo mbili: kazi yenye haki kwa wachache, au kazi isiyo na haki kwa wengi.

Msomaji mwingine atasema, "Lakini hata mwenye mkataba ananyimwa." Ni kweli. Waliofika Kigali au Nairobi wanakumbuka maduka makubwa ya Nakumatt, taa nyingi, magari ya kusukuma bidhaa ndani. Tangu 2017 raki zilianza kuwa tupu, wenye kuleta bidhaa hawakulipwa, wafanyakazi walikaa bila mshahara. Januari 2018 korti ya Kenya iliweka msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura duka lifungwe kabisa. Msichana wa kaunta ya Nakumatt alipata hasara, hakuna wa kukana. Tofauti yake na kijana wa Rubaya ni karatasi moja: yeye alikuwa na mkataba, kwa hiyo jina lake liliweza kuandikwa mbele ya msimamizi kati ya wanaodai. Jina la mchimbaji wa mkono liliandikwa wapi? Kwenye kaye ya PDG kama alibahatika, na kwenye kaye ya mwenye duka bila shaka.

Yaliyofuata

Machi 2023 Bwana Mwangachuchu alikamatwa Kinshasa. Oktoba ya mwaka huo Korti Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo kwa makosa ya uhaini na kushirikiana na M23, makosa aliyoyakana. Tuelewane: kesi ile haikuwa ya malipo ya wachimbaji. Kilo za watu hazikupata siku yake kortini.

Tarehe 30 Aprili 2024 M23 waliingia Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka huo kwamba kundi hilo lilitoza dolari 7 kwa kila kilo ya koltani na dolari 4 kwa kila kilo ya bati, na kwamba kodi hizo ziliwapa karibu dolari 800.000 kwa mwezi. Waliandika pia jambo ambalo lingepaswa kuwaumiza kichwa wakubwa wote waliowahi kukaa kwenye kiti cha paroko: ili wachimbaji warudi mashimoni, kundi hilo lilipandisha malipo yao. Pamoja na hayo liliwafanyisha watu kazi ya lazima ya kupanua barabara, bila malipo. Mkono mmoja unaongeza, mwingine unachukua, na mwenye bunduki ndiye anayepima.

Februari 2025 Waziri wa Madini alitia mashimo ya Masisi na ya Kalehe kati ya yale yenye rangi nyekundu, yaani madini yake yasinunuliwe. Ilikuwa haki kwa upande wa vita. Kwa upande wa jikoni, ilikuwa tena ile fimbo ya zamani.

Mambo ya kuuliza mbele ya kushika sepetu

Vijana wanatuuliza kama wasiende mlimani kabisa. Aliye chini ya miaka 18 asiende, sheria inakataza na mlima hauhurumii. Kwa wengine hatuwezi kuwajibu kutoka kwenye kiti cha ofisi. Lakini kuna mambo ambayo hata sheria hii pungufu inawapa, na wengi hawayajui.

Kooperative si mali ya rais wake. Tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012, sheria ya kooperative inasema memba mmoja ana sauti moja, awe na mashimo kumi au awe na tochi tu. Kunapaswa kuwa mkutano mkuu, na hesabu zinapaswa kusomwa mbele ya memba. Uliza lini mkutano ulifanyika mara ya mwisho. Wakikwambia "wewe ni mtoto," uliza pamoja na wenzako kumi, maana kumi ni vigumu kuwaita mtoto.

Mapatano ya kooperative na kampuni yakitengenezwa, jambo la kwanza kutafuta ndani si bei. Bei itabadilika kila juma. Tafuta siku: feza italipwa siku ngapi baada ya kilo kupimwa, na siku hizo zikipita bila malipo, je, mchimbaji anaruhusiwa kuuza kwa mwingine halali? Kama karatasi inakufunga kwa mnunuzi mmoja bila kumfunga mnunuzi kwa siku, usishangae mifuko ikitembea usiku. Tafuta pia ni nani anayeangalia mashine ya asilimia kwa niaba ya wachimbaji.

Na nyumbani, baba asifiche. Mama anayekopa dukani bila kujua kilo ngapi zimetoka na ngapi zimelipwa anakopa gizani. Nunueni kaye yenu wenyewe, ile ya franka chache. Siku, shimo, kilo, jina la aliyepokea, kilicholipwa, kinachobaki. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuiandika kila jioni, naye atapata mazoezi ya hesabu. Asiyejua kuandika aombe mtoto wa jirani. Aliyepokea kilo atie sahihi au kidole pembeni ya mstari. Inspekteri, msimamizi wa korti au gavana mwingine akija tena kusema "mpatane", mtu mwenye kaye hiyo atamwonyesha mstari kwa mstari kile anachodai, tangu siku gani, na kwa nani.